Mwerebi: Mti wa maji, namna ya kuutambua na mahali panapoufaa

MWEREBI ni miongoni mwa miti iliyo rahisi mno kupanda na migumu mno kuondoa. Kitawi kinachochomekwa penye unyevu huota mizizi katika muda wa majuma machache. Mti uliokomaa ukikatwa huchipuka upya kutoka kwenye kisiki, na kipande kinachochukuliwa na maji ya mto huweza kukwama kwenye tope huko chini na kuwa mti mwingine. Kwa hivyo, anayetamani kuupanda hana haja ya kuhangaika sana kuhusu jinsi ya kuuotesha. La muhimu kwake ni kujua ni mwerebi gani alio nao mkononi, na utasimama wapi.

Jina mwerebi limezoeleka kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili. Kitabu cha Walawi kinautaja miongoni mwa miti ambayo matawi yake yalitumiwa wakati wa Sikukuu ya Vibanda, na kinauhusisha na vijito. Wanasayansi huuita ukoo huu Salix, na aina zake zinakaribia 400, nyingi zikiwa katika nchi zenye baridi za kaskazini mwa dunia. Ukubwa wake hutofautiana ajabu. Mwerebi mweupe wa Ulaya huweza kufikia mita 25 na zaidi, ilhali ule wa milimani na nchi za karibu na ncha ya kaskazini, uitwao Salix herbacea, hutambaa chini na kuinuka sentimita chache tu kutoka ardhini.

Nchini Kenya aina mbili ndizo zinazostahili kujulikana kwanza. Ya kwanza ni ile ya kigeni yenye matawi yanayoning'inia kama nywele zilizofumuliwa, ambayo wauza miche huiita kwa jina la Kiingereza weeping willow. Hiyo hupandwa kwa urembo kando ya vidimbwi, hotelini na katika nyua za watu wenye nafasi. Ya pili ni ya kienyeji, Salix subserrata, ambayo humea yenyewe kandokando ya mito na vijito na ambayo wengi huipita bila kuitambua.

Dalili za mwerebi

Majani ya mierebi mingi ni membamba na marefu, yenye umbo la ncha ya mkuki, na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Hayaoti mawili mawili kwa kuelekeana bali hupishana kwenye tawi. Hata hivyo, jani peke yake linaweza kumdanganya mtu, kwa kuwa kuna mierebi ya Ulaya, kama vile Salix caprea, yenye majani mapana ya mviringo ambayo hayafanani kabisa na ya nduguze.

Dalili ya kuaminika zaidi ni ndogo na inahitaji jicho la karibu. Penye kikonyo cha kila jani pana kijicho, yaani mahali ambapo chipukizi jipya litatokea. Katika miti mingi kijicho hicho hufunikwa na magamba kadhaa yaliyopandana kama vigae. Katika mwerebi gamba ni moja tu, nalo hukifunika kijicho kama kofia. Ni kwa gamba hilo, miongoni mwa mengine, ambapo mwerebi hutofautishwa na popla, mti wa jamaa yake wa karibu ambao kijicho chake kina magamba mengi.

Maua nayo hutoa ushahidi. Huota kwa vishada vyembamba visivyo na petali, vingine vikiwa na manyoya laini kama ya paka. Mti mmoja huwa wa kiume au wa kike, si vyote viwili. Mti wa kike hutoa vifuko vidogo ambavyo hupasuka na kuachilia mbegu zenye nyuzi nyeupe kama pamba, ambazo upepo huzipeperusha mbali sana. Mbegu hizo hazidumu. Zisipoangukia udongo wenye unyevu zitakuwa zimekufa baada ya siku au majuma machache, na ndiyo maana ni nadra mkulima kuotesha mwerebi kwa mbegu.

Mkanganyiko mkubwa nchini hutokana na kila mti wenye matawi yanayoning'inia kudhaniwa kuwa mwerebi. Mpilipili, Schinus molle, ambao asili yake ni Amerika Kusini na ambao umejaa katika miji ya Bonde la Ufa, huning'inia vivyo hivyo. Lakini jani lake limegawanyika katika vijani vidogo vingi vilivyojipanga pande mbili za uti mmoja, likifikichwa hunuka pilipili, na mti wa kike huzaa matunda mekundu madogo. Callistemon yenye matawi yanayolegea hujulikana kwa maua mekundu mithili ya brashi ya kusafishia chupa. Mvinje wa pwani hauna majani ya kawaida hata kidogo. Kinachoonekana kama jani ni vijitawi vya kijani vyenye pingilipingili. Nao Polyalthia, mti mwembamba mrefu unaopandwa sana langoni mwa majengo ya Mombasa na Nairobi, una majani yanayong'aa yenye kingo za mawimbi, na matawi yake hujibana kwenye shina kama mwavuli uliofungwa.

Mwerebi wa Babeli usiotoka Babeli

Jina la kisayansi la mwerebi unaoning'inia ni Salix babylonica. Lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, wakati ambapo iliaminika kuwa huu ndio mti ambao mateka wa Kiyahudi walitundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli, kama inavyosimuliwa katika Zaburi ya 137. Imani hiyo haikuwa sahihi. Mwerebi huu asili yake ni China, ambako ulipandwa kwa karne nyingi kabla ya kuenezwa magharibi kupitia njia za biashara.

Wataalamu wengi leo wanakubaliana kwamba miti ya Zaburi hiyo ilikuwa popla ya Frati, Populus euphratica. Inaeleweka ni kwa nini watu walipotoka, kwani popla hiyo ikiwa changa hutoa majani membamba kama ya mwerebi, na hubadilika kuwa na majani mapana inapokomaa. Aidha, hustawi kando ya mito ileile.

Mingi ya miti inayouzwa siku hizi kwa jina la mwerebi unaoning'inia si Salix babylonica halisi bali ni chotara kati yake na mwerebi mweupe wa Ulaya. Chotara hizo hutambulikana kwa vijitawi vya rangi ya manjano inayokaribia dhahabu, ilhali vya babylonica halisi ni vya kijani au hudhurungi. Kuna pia aina yenye matawi yaliyojipinda kama kizibuo cha chupa, ipendwayo na wapambaji wa maua.

Huenda Wakenya wengi waliwahi kuushabikia mti huu bila kujua. Magongo ya mchezo wa kriketi hutengenezwa kwa mbao za mwerebi mweupe wa aina maalumu, Salix alba 'Caerulea', unaolimwa hasa katika majimbo ya Essex na Suffolk nchini Uingereza. Mbao zake ni nyepesi, hazipasuki kwa urahisi na hustahimili mpira mgumu. Magongo ya aina hiyo ndiyo yaliyo mikononi mwa kikosi cha Kenya chini ya nahodha Steve Tikolo kilipoilaza Sri Lanka jijini Nairobi mnamo Februari 2003, na hatimaye kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Maganda ya mwerebi nayo yana historia katika tiba. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Oxfordshire, Uingereza, aliiandikia Royal Society kueleza jinsi alivyowapa wagonjwa wa homa za vipindi unga wa maganda hayo na kuona nafuu. Katika karne iliyofuata wanakemia wa Ulaya walichuja kiini chake, salisini, na mwaka 1899 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza dawa iliyotokana na utafiti huo kwa jina la Aspirin. Ni vyema ieleweke kuwa maganda hayo hupunguza homa na maumivu tu. Hayaui vimelea vya malaria, na mgonjwa anayeyategemea huchelewa kupata tiba. Watoto na watu wenye vidonda vya tumbo huweza kudhuriwa nayo, kama ambavyo hudhuriwa na aspirini yenyewe.

Mbali na nyumba

Kosa linalofanywa na wengi ni kuupanda mwerebi mbele ya sebule kwa kuwa mche wenyewe ni mdogo na wa kupendeza. Mti huu hukua kwa kasi, na penye maji ya kutosha huongeza zaidi ya mita moja kwa mwaka. Mizizi yake ni mingi, hukaa karibu na uso wa ardhi na hufuata unyevu popote ulipo. Bomba la majitaka lenye ufa mdogo tu huwa kama mwaliko. Mizizi hupenya, hunenepa humo ndani na kuliziba.

Hatari ya pili huhusu msingi wa nyumba, na ni kubwa zaidi penye udongo wa mfinyanzi ambao hutanuka unaponyeshewa na kunywea unapokauka. Mti unapofyonza maji mengi wakati wa ukame, udongo ulio chini ya msingi hupungua ujazo na kuta hupasuka. Utafiti wa mizizi ya miti ulioendeshwa na Bustani ya Kew, London, katika miaka ya 1970 ulikusanya taarifa za majengo yaliyoharibiwa. Katika robo tatu ya visa vilivyohusu mwerebi, mti ulikuwa umbali usiozidi mita 11 kutoka kwenye jengo. Kisa kimoja kilihusu mti uliokuwa mita 40 kutoka ukutani.

Takwimu hizo ni za Uingereza, lakini fundi yeyote aliyechimba msingi Embakasi, Syokimau au Kitengela anaujua udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Huo ni wa tabia ileile. Katika ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni takriban mita 15 kwa 30, hakuna kona iliyo mbali vya kutosha na nyumba, choo na nyumba ya jirani kwa wakati mmoja. Anayeishi humo afadhali atafute mti mwingine, hata kama moyo umeshapenda huu. Vilevile mwerebi haufai karibu na tangi la chini ya ardhi, shimo la choo wala kisima.

Isitoshe, mbao za aina nyingi za mwerebi ni dhaifu na matawi huvunjika penye upepo mkali. Si mti wa kuegeshea gari chini yake, wala si wa kurithisha wajukuu, maana huzeeka mapema ukilinganishwa na mti kama mwaloni au mkuyu.

Kingo za mito

Mahali pa asili pa mwerebi ni ukingoni mwa maji, na huko mizizi ile inayochukiwa na fundi wa bomba huwa msaada mkubwa. Husukana kama mkeka na kuushika udongo usichukuliwe na mafuriko, huku matawi yanayolegea yakipunguza kasi ya maji. Watu wa nchi nyingi wamekuwa wakitumia fito za mwerebi kukarabati kingo zilizomomonyoka, kazi ambayo kwa saruji na mawe hugharimu pesa nyingi zaidi.

Hata hivyo, yaliyotokea Australia yanapaswa kuzingatiwa kabla ya yeyote kubeba fito za mti wa kigeni kuzipeleka mtoni. Walowezi waliingiza mierebi huko katika karne ya 19, na kwa muda mrefu serikali zenyewe zilihimiza ipandwe kuzuia mmomonyoko. Mwanzoni haikuonekana kuwa na madhara. Baadaye aina nyingine ziliongezwa, wa kiume na wa kike wakakutana, na mbegu zikaanza kusafiri kwa upepo, hasa za Salix cinerea na Salix nigra. Vipande vilivyovunjika viliota kila vilipokwama. Mizizi na matawi yalijaa katikati ya mito, maji yakasukumwa pembeni na kuchimba kingo zilezile zilizokusudiwa kulindwa. Kila mwaka majani yote yalipukutika majini kwa wakati mmoja na kuoza, jambo ambalo hupunguza hewa wanayoitegemea samaki.

Mnamo 1999 Australia iliiweka takriban mierebi yote katika orodha ya magugu yenye uzito wa kitaifa, isipokuwa aina tatu, Salix babylonica ikiwa mojawapo. Kuiondoa kumekuwa kazi ya miaka mingi, kwani mti ukikatwa bila kisiki kutiwa dawa, huota tena, na vipande vyote lazima vitolewe mtoni.

Kenya ina somo lake yenyewe kuhusu mikaratusi. Miti hiyo ilipandwa kwa wingi hadi kwenye vyanzo vya maji, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, akaagiza ing'olewe katika sehemu chepechepe na kandokando ya mito. Ni vigumu kuona busara ya kuiondoa mikaratusi ili kupisha mti mwingine wa kigeni ambao nao hunywa maji kwa pupa, ilhali upo mwerebi wa kienyeji unaoifanya kazi hiyohiyo.

Salix subserrata ni kichaka au mti mdogo ambao kwa kawaida hauzidi mita 10. Matawi yake hayaning'inii kama ya ule wa China, ingawa ncha zake huweza kulegea. Vijitawi vichanga aghalabu huwa na rangi nyekundu, na majani ni membamba yenye meno hafifu kingoni. Hupatikana Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania, daima karibu na maji. Baadhi ya wataalamu huuhesabu kuwa sehemu ya Salix mucronata, aina iliyoenea hadi Afrika Kusini. Haupendezi macho kama ule wa vidimbwini, na pengine ndiyo sababu wauza miche hawaushughulikii.

Sheria nayo inahusika. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zinakataza ujenzi na shughuli za maendeleo katika ukanda wa kando ya mto, ambao upana wake ni kati ya mita 6 na 30 kila upande, ukipimwa kutoka kiwango cha juu zaidi ambacho mafuriko yamewahi kufika. Ukanda huo ndio uliogonga vichwa vya habari jijini Nairobi majengo yalipobomolewa mwaka 2018, na tena baada ya mafuriko ya 2024. Ardhi iliyoachwa wazi baada ya ubomoaji, bila mti wala nyasi, huporomoka mvua zinaporejea. Hapo ndipo mwerebi wa kienyeji, pamoja na mikuyu na matete, ungefaa zaidi.

Jinsi ya kupanda

Wakati bora ni mvua za masika zinapoanza, kati ya Machi na Aprili katika sehemu nyingi za nyanda za juu. Chagua tawi lenye afya la msimu uliopita, lenye unene wa kati ya penseli na kidole gumba, kisha ukate vipande vya sentimita 25 hadi 30. Kata chini ya kijicho kwa kisu kikali. Theluthi mbili za kipande ziingie ardhini na vijicho viwili au vitatu vibaki juu, vikielekea juu. Wapo wanaokipanda kipande kichwa chini bila kujua. Kikiota, hutoa mti dhaifu.

Kwa ukingo wa mto, vipande vifupi hung'olewa na mafuriko ya kwanza. Tumia fito za mita moja na nusu hadi mbili, zenye unene wa kifundo cha mkono, uzichonge upande wa chini na kuzipigilia hadi angalau nusu yake izame na kufikia tabaka lenye unyevu. Zisikae juani baada ya kukatwa. Zikihitaji kusubiri, zitumbukizwe majini upande wa chini.

Palilia eneo la mita moja kuzunguka kila mche katika mwaka wa kwanza, kwa sababu nyasi huushinda mche mchanga katika kugombea maji. Weka ua, maana mbuzi na ng'ombe huyapenda mno majani ya mwerebi. Mbolea nyingi haihitajiki, nayo huzidisha matawi mepesi yanayovunjika. Mwerebi unaoning'inia ufungwe kwenye mti wa kuuegemeza hadi shina lisimame wima, la sivyo huenea chini kama kichaka.

Anayetaka kuingiza vipandikizi kutoka nchi za nje anahitaji kwanza kibali cha Kephis, shirika linalokagua afya ya mimea, kwa kuwa magonjwa husafiri ndani ya tawi bila kuonekana. Wa kienyeji unaweza kukatwa kutoka kwa miti iliyopo katika mto uleule unaokusudiwa kulindwa. Kata matawi machache kutoka kila mti, na utoe kwenye miti mingi, ili upate ya kiume na ya kike.

Mti ukishakua, pogoa matawi yaliyokufa na yale yanayoelekea kwenye nyaya za stima. Matawi yaliyokatwa yasitupwe mtoni wala kurundikwa ukingoni yakiwa mabichi. Yaanikwe juu ya mawe au sakafu kavu hadi yakauke kabisa, kisha yatumike kama kuni.